Skeitibodi, kutoboa masikio na zawadi Nairobi: duka gani uingie na lipi upite tu

Kuna aina ya duka hapa Nairobi ukipita nje huelewi linauza nini haswa. Ukutani skeitibodi zimepangwa, chini yake kabati la kioo limejaa hereni na vipini, pembeni vikombe vya kuandikwa majina, halafu huko nyuma kuna pazia na kiti, mtu anatobolewa sikio. Wazazi wengi wanaliona ni duka la wahuni, wanaenda kununua vitu hivyo hivyo kwingine kisha wanakuja kulia kwa marafiki. Likizo ikikaribia naulizwa maswali yaleyale, kwa hivyo nimeyapanga hapa kutoka pa kwanza mpaka pa mwisho, na kipimo changu ni kimoja: nikirudi wiki ijayo na shida nitampata nani? Bei ni muhimu sawa, lakini sikio likishavimba ama gurudumu likichomoka, ile mia tano uliyookoa haikusaidii kitu.

Namba moja: duka la mtaani ambalo mwenyewe yuko ndani

Nasema mwenyewe yuko ndani, si msichana aliyeajiriwa jana ambaye kila swali anajibu "hiyo ni original". Duka zuri unalijua kwa maswali wanayokuuliza wewe. Ukisema unataka skeitibodi, swali la kwanza linafaa kuwa utaiendeshea wapi. Kama mtoto ataenda Kangemi pale Shangilia, ile uwanja ya simiti iliyojengwa 2013 kwenye makao ya watoto, anahitaji magurudumu magumu, madogo, kitu kama milimita 52 na namba ya ugumu 99A imeandikwa ubavuni. Kama ataendeshea barabara ya estate yenye kokoto na nyufa, hayo hayo magumu yatamtetemesha meno mpaka aache, na kakokoto kamoja tu kanasimamisha ubao yeye anaendelea mbele na uso. Huyo mpe makubwa na laini, kuanzia milimita 56 kwenda juu, 78A ama hapo karibu. Muuzaji ambaye hajui hii tofauti anauza tu mbao yenye rangi.

Ubao wenyewe uwe wa tabaka saba za mbao ya maple, geuza uhesabu mistari pembeni, inaonekana. Upana wa inchi nane na kidogo ni sawa kwa mtu mzima na kijana mrefu, mtoto wa miaka minane tisa mchukulie ya saba na nusu hivi. Halafu angalia zile traki za chini, yaani chuma kinachoshika magurudumu: gonga na ukucha. Ikilia kama plastiki ni plastiki, weka chini uende zako, hiyo itavunjika siku mtoto ataruka ngazi ya kwanza. Simama juu yake hapo hapo dukani, egemea kushoto na kulia, inafaa ipinde kidogo na kurudi. Isipopinda kabisa mwambie alegeze nati ya katikati na spana, na ukiona hata spana hana dukani basi umeshajibiwa lile swali la wiki ijayo.

Sasa upande wa pazia. Hapa ndio watu wengi wanateleza kwa sababu wanauliza "kutoboa ni how much" na kunyamaza. Uliza hivi: hiyo bei ina hereni ndani ama hereni ni kando, na hereni ni ya nini? Malalamiko mengi nimesikia kutoka kwa wateja wa hizi duka si ya maumivu, ni ya mtu kuambiwa bei moja mlangoni, akishakaa kwenye kiti na amepakwa spiriti anaambiwa hiyo ilikuwa ya mkono tu. Duka la maana limebandika bei zote mbili ukutani.

Mtu anayejua kazi atafanya hivi, na utazame kwa macho yako. Ananawa mikono, anavaa glavu mpya. Anaweka alama na kalamu, anakupa kioo, anakwambia simama wima usiangalie chini. Ukisema hii ya kushoto iko chini kidogo, anafuta na kuweka tena bila kununa. Kisha anachukua pakiti ya sindano, anaipasua mbele yako, sindano yenyewe ina tundu katikati, inatumika mara moja na inaenda kwenye kile kiboksi cha njano. Vifaa vingine viwe vimetoka kwenye otoklevu, ile mashine ya mvuke inayofika nyuzi 121, na si kwenye beseni la Dettol. Usione haya kuuliza "mashine iko wapi", hepataitisi B na ukimwi havionei haya mtu.

Na swali lingine linalonifanya niamini duka: "kwenu kuna mtu huota keloidi?" Lile kovu linalovimba likawa donge kubwa kuliko kidonda chenyewe, sisi watu weusi tunalipata zaidi, na linafuata damu ya familia. Kuna duka moja mitaa ya kwetu lilimkatalia dada mmoja kumtoboa gegedu, ile sehemu ngumu ya juu ya sikio, kwa sababu mamake ana keloidi begani, dada akatoka amekasirika akaandika huko Google nyota moja. Mimi hiyo nyota moja ndiyo iliyonifanya nipeleke watu wangu pale. Mtu anayekataa pesa yako kwa sababu ya ngozi yako, jameni, unataka nini tena.

Kuhusu hereni ya kwanza, ile inayokaa kidonda kikipona, mpangilio wangu ni titani kwanza, ile ya kiwango cha vipandikizi vya hospitali, imeandikwa ASTM F136. Baada yake dhahabu ya karati 14 ama 18 isiyo na nikeli. Tatu chuma cha pua cha kiwango cha upasuaji, lakini kina nikeli ndani na kuna ngozi hazitaki kabisa. Fedha, yaani silva, iache mpaka upone, inachafuka ndani ya kidonda. Zile zilizopakwa rangi ya dhahabu usiguse, zikichubuka unabaki na shaba ama nikeli ndani ya nyama. Na usidhani nikeli ni maringo ya wazungu, Umoja wa Ulaya umeweka sheria kwamba kitu cha kupita kwenye tundu la mwili kisitoe zaidi ya mikrogramu 0.2 kwa sentimita mraba kwa wiki, na sisi hereni za bei ya chini tunaletewa bila mtu kupima.

Hereni ya kwanza pia itakuwa ndefu, inachomoza, watu wanaichukia. Iko hivyo makusudi kwa sababu nyama itavimba. Uliza kama baada ya wiki kadhaa ukirudi wanakubadilishia ya fupi na kwa bei gani. Duka nililoliweka namba moja wanabadilisha bure, unalipia tu kale kachuma kapya.

Namba mbili: studio ya tatuu

Hii ni kwa kutoboa tu. Kwa usafi wengi wako sawa na wa kwanza ama wanawazidi, kwa sababu siku nzima kazi yao ni sindano. Nimewaweka pili kwa vile bei iko juu na wengine wana kiburi, unaenda kutoboa sikio la kawaida wanakuangalia kama umewapotezea muda. Kwa pua, kitovu na gegedu mimi ningeenda kwao bila kufikiria mara mbili kama mtaani kwenu hakuna mtu.

Namba tatu: maskeita wenyewe

Hapa ni ubao tu. Nenda Shangilia siku ya wikendi, keti, tazama, ongea na vijana. Kuna mtu kila mara anauza ubao wake wa zamani ama traki, na traki nzuri iliyotumika ni bora mara mia kuliko skeitibodi mpya ya plastiki. Mbao inachoka lakini chuma kinadumu. Ukinunua, angalia kama ubao umelainika katikati, ukanyage usikie kama unalia, na zungusha gurudumu: likisaga kama mchanga ni beringi, na hiyo si shida kubwa kwa sababu zote ni namba 608, nane kwa ubao mzima, saizi ya kawaida kabisa ambayo duka la beringi hawashangai ukiitaja. Sababu siwapi namba mbili ni kwamba hakuna risiti. Lakini huyo kijana utampata palepale Jumamosi ijayo, na atakufundisha kusimama bure.

Namba nne: hospitali, zahanati na sonara

Kwa ndewe tu, yaani ile nyama laini ya chini, hasa watoto wadogo. Nesi ana mikono safi na ukirudi na shida uko mahali penye dawa, hiyo hakuna wa kuipinga. Shida ni kwamba wengine wanatumia ile bunduki ya kutobolea ya eksibishoni, yaani vile vibanda vya mjini, kwa hivyo uliza kabla. Sonara wa zamani, hasa ukienda Pwani, mkono wao ni mwepesi na dhahabu yao ni dhahabu kweli, wametoboa vipini vya bibi zetu na mama zetu. Muulize sindano tu. Akitoa mpya kwenye pakiti, keti.

Namba tano: mtumba

Kwenye masoko ya Gikomba na Toi unaweza kuangukia ubao wa maana kwa bei ya chapati na chai, mwenye stoli mwenyewe hajui ameshika nini. Ni bahati nasibu. Hereni za mtumba hapana, kwa kidonda kipya hapana kabisa.

Namba sita: mtandaoni

Picha ni ya ubao wa maple, kinacholetwa na boda ni kitu kingine kabisa, na ukipiga simu unaambiwa "boss hiyo ndiyo ulioda". Ukilazimika, lipa ukishashika mzigo mkononi, na jina linalotokea kwenye M-Pesa kabla hujabonyeza likiwa la mtu binafsi wakati duka lina jina kubwa la kampuni, simama hapo. Magurudumu na beringi peke yake si mbaya kununua huko, hazina siri nyingi.

Wa mwisho: bunduki ya eksibishoni na skeitibodi ya supamaketi

Hizi naziweka pamoja kwa sababu zinafanana: zote ni vitu vya kuchezea vinavyouzwa kwa mtu asiyejua. Ile bunduki inasukuma hereni butu kwa nguvu, haikati, inapasua. Mwili wake ni plastiki, haiwezi kuingia otoklevu, inapanguswa na pamba na spiriti kisha inaenda kwa sikio la mtu mwingine. Kwa ndewe wengi wanapona. Kwa gegedu la juu ni hatari, gegedu halina damu nyingi, likiingia wadudu linaweza kuoza na sikio likabaki limekunjamana, hata daktari hakurudishii. Skeitibodi ya supamaketi yenye picha ya katuni nayo uzito wa mtoto wa miaka kumi inaanza kupinda, beringi haziviringiki, mtoto anadhani yeye ndiye hajui anaacha. Pesa imeenda na hamu imeenda.

Zawadi sasa, haraka haraka. Kikombe cha picha usilipe mpaka uone picha kwenye skrini yao, na utume ile faili yenyewe maana picha ya kupitia WhatsApp inafika imefinywa na inatoka na ukungu. Bangili za shanga Maasai Market ni nafuu kuliko kwenye haya maduka, na unaweza kubishana bei. Vitu vya mawe ya Kisii ni vizuri sana ila vinavunjika, kama inasafirishwa mwambie afunge na gazeti nyingi, na chunguza kama kuna ufa uliozibwa na nta.

Ukishatoboa, bajeti yako haijaisha. Pitia duka la dawa ununue maji ya chumvi ya dripu, yale ya asilimia 0.9, osha mara mbili kwa siku, usizungushe hereni, usipake spiriti wala hidrojeni peroksaidi wala mate ya asubuhi aliyokwambia shangazi. Ndewe ni wiki sita mpaka nane, pua miezi minne mpaka sita, gegedu na kitovu hata mwaka. Ukiona usaha wa kijani, joto na uwekundu unaosambaa, nenda hospitali na hereni ikiwa bado ndani, usiitoe mwenyewe kwa sababu tundu litajifunga na usaha ubaki umefungiwa.

Halafu usiende Jumamosi jioni. Foleni ni ndefu, mtoboaji amechoka, na watoto wamejaa wanajaribu skeitibodi katikati ya duka. Nenda katikati ya wiki saa nne hivi ukiwa umekula, watu wengi wanaozimia kwenye kile kiti hawajatia kitu tumboni tangu jana.