Audacity: mwaka mzima naeditia sauti za video zangu, haya ndo maoni yangu

Niko Rau hapa Moshi, natengeneza video za ufugaji wa kuku. Picha haijawahi kunisumbua, shida ilikuwa sauti. Naongea dakika kumi tu alafu kuediti nakesha, nasikiliza neno kwa neno, nakata narudia, tena kwenye simu ambapo kidole kinafunika palepale unapotaka kukata. Sasa ni mwaka natumia Audacity, programu ya kurekodi na kuediti sauti, kwenye laptop na aisee nimepumzika.

Ni bure kabisa, sio ile bure ya siku saba alafu unaombwa kadi. Ni ya siku nyingi, ilitoka mwaka 2000 kule Marekani, inakubali Windows, Mac na Linux. Ya simu hakuna, mjue mapema msije mkachoma bando bure.

Kilichoniokolea muda hasa ni kofi. Nikikosea wakati narekodi sizimi, napiga kofi moja karibu na maiki narudia sentensi yote toka mwanzo. Nikifungua Audacity kwenye ule mchoro wa sauti kofi linaonekana limechongoka kama mwiba, yaani husikilizi kitu, unaenda kwenye mwiba, unachagua kuanzia ile sentensi iliyoharibika mpaka kofi lenyewe, Delete, unabonyeza space usikie kama imeungana vizuri, unahamia mwiba unaofuata. Juzi video ya chanjo ya mdondo ilikuwa na makofi 14 na nilimaliza kabla ugali haujaiva.

Kuna Truncate Silence pia, inapunguza vile vimya virefu vyote kwa mpigo. Mi naacha nusu sekunde, ukibana zaidi unasikika kama unakimbizwa.

Noise Reduction ndo wengi wanaikosea. Kabla hujaanza kuongea kaa kimya sekunde mbili, kile kipande ndo unakionyesha programu kwamba hii ndo kelele, alafu unachagua rekodi nzima inaondoa. Inafanya kazi kwa kelele isiyobadilika, feni, friji. Jogoo, bodaboda au mvua ikipiga bati hapana jamani, subiri ipite urekodi tena (masika hii nimesubiri sana). Na usizidishe, sauti inakuwa kama unaongelea ndani ya ndoo.

Mwisho napitisha Loudness Normalization, inayoweka ukubwa wa sauti kwenye kiwango unachotaka, yenyewe inakuja na -23 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), mi naweka -14 maana YouTube wanashusha zinazozidi hapo. Alafu natoa kama faili la WAV, maana MP3 inapoteza ubora kila ukiisevu upya.

Mama mkubwa yuko Marangu, anaangaliaga kwa simu yenye spika ndogo, zamani kila video alikuwa ananipigia kuuliza mwanangu hiyo dawa umesema inaitwaje. Hizi tatu za mwisho amepiga kuuliza bei ya vifaranga tu.