Magnetomita ya skwidi kwa safu za maungio ya Josephson: uzoefu wangu

Kifaa ninachokitathmini ni magnetomita ya skwidi (SQUID), yaani kipima-sumaku chenye kihisio cha kitanzi cha supakondakta, kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani wowote, inayopozwa kwa heliamu ya majimaji, ambayo nimeitumia kupima safu za maungio ya Josephson, yaani gridi ya vipande vya niobi, metali ambayo ikipoa sana huwa supakondakta, vilivyounganishwa kupitia utando mwembamba sana wa oksidi ya alumini. Wauzaji husifu wepesi wake wa kuhisi, na kwa hilo hawasemi uongo, ila katika kazi hii si hapo mtu anapokwama.

Anapokwama ni kwenye kupata sifuri halisi ya uga wa sumaku. Sampuli yangu ina vitundu vya mraba vyenye upande wa mikromita 46, hivyo uga wa takribani mikrotesla 1 tu unatosha kuingiza kwanta moja ya fluksi, yaani kipande kimoja kidogo kabisa cha sumaku kinachoweza kunaswa na kitanzi cha supakondakta, katika kila kitundu. Sumaku ya kifaa ikishapandishwa hadi tesla kadhaa na kurudishwa chini, uga unaosalia ndani yake huwa mkubwa kuliko huo mara nyingi, ilhali kioo kinaandika 0.00 bila haya. Dawa yake ni kuushusha uga kwa kuugeuzageuza mwelekeo huku ukipunguzwa, kisha kuipasha sumaku yenyewe hadi ipoteze usupakondakta, kwani nayo imesukwa kwa waya wa supakondakta. Toleo lisilo na uwezo huo nisingelinunua.

Tena, katika kipimo cha kawaida sampuli huvutwa sentimita kadhaa kupitia koili za kuhisi, na uga usipokuwa sawia njiani, mikondo ndani ya safu hubadilika, mchoro wa ishara inayopokelewa hupinda, nayo programu hulazimisha jibu, wakati mwingine lenye alama chanya. Kwa anayechunguza iwapo safu iliyopozwa ndani ya uga hugeuka kweli kuwa paramagneti, yaani kitu kinachovutwa na uga (alama chanya) badala ya kuufukuza, huo ni mtego mbaya. Mimi hufungua mchoro ghafi kila mara.

Kipimo cha mkondo geu, ambapo uga mdogo hugeuzwageuza mwelekeo huku sampuli ikitulia mahali pamoja, ndicho kilichonifurahisha. Uga ukiwa mdogo, safu huufukuza zaidi na zaidi kadiri inavyopoa chini ya kelvini 9. Ukiuongeza, kinga hiyo hukua, kisha hulegea tena kwenye baridi kali zaidi, tabia iliyoripotiwa mwaka 1997. Chanzo ni kwamba mkondo ambao maungio yanaweza kuubeba huongezeka kwa baridi, hadi kila kitundu kiweze kunasa fluksi. Kifaa huruhusu kuongeza uga kwa hatua ndogo, na hapo badiliko huonekana waziwazi, mradi sampuli ipewe muda wa kulingana na kipimajoto. Fedha za sumaku ya tesla 7 ni afadhali ziende kwenye kinga ya mu-metali, aloi ya nikeli na chuma inayozuia uga wa nje.