Sakafu ya bafu haipimwi kwa jicho: uzoefu wangu na fundi wa vigae hapa Mwanza

Nianze na kona ya nyuma ya mlango, maana ndiko maji yanakolala. Mtu akimaliza kuoga, sehemu ya maji inaingia kwenye tundu na sehemu inarudi mlangoni, inatulia pale mpaka uitoe kwa dekio. Vigae vipya, pesa imeshalipwa, na bado unakanyaga dimbwi.

Fundi alipoitwa aje aone, hakuingia hata ndani. Alisimama koridoni akasema, "Bosi, maji kidogo hayo, unasukuma na fagio yanaisha." Nikamwomba alaze pima maji, kile kifaa cha kuonyesha usawa, sakafuni. Akajibu kwamba yeye amezoea kupima kwa jicho. Hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia. Bafu linataka mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu, na hakuna jicho linaloona sentimita moja na nusu ndani ya mita nzima. Kinachoiona ni kamba, pima maji na futi kamba.

Alichokwepa nakijua. Nyumba zetu nyingi hapa zimekaa juu ya majabali, na bomba la kutoa maji huwezi kulishusha unavyotaka kwa sababu chini ni mwamba. Tundu likishakaa juu, mteremko unatafutwa upande wa pili: unapandisha zege la kusawazishia. Bafu hili ni mita 1.5 kwa 2, tundu liko kona moja na mlango uko kona ya mkabala, kwa hiyo kutoka kona hadi kona ni mita 2.5. Kwa sentimita 1.5 kila mita, upande wa mlango ulitakiwa kuwa juu ya tundu kwa karibu sentimita 4. Sakafu ikipanda hivyo, mlango lazima ukatwe chini. Hakutaka kumwita seremala, basi. Akalaza sakafu bapa na kigae kimoja karibu na tundu akakiinamisha ili ionekane kuna mteremko.

Halafu kuna suala la saizi. Vigae vya 60 kwa 60 haviwezi kufuata mteremko unaoshuka kutoka pande mbili kwenda kwenye tundu moja, isipokuwa uvikate kwa mshazari. Kwa sakafu ya bafu chukua vya 30 kwa 30 au vidogo zaidi. Fundi anayejua kazi angesema hilo kabla hatujanunua.

Na gonga! Chukua sarafu, gonga kigae kimoja kimoja. Karibu na ukuta, vitatu vinalia kama debe tupu. Maana yake aliweka rundo moja la saruji katikati kama kitumbua, pembe zikabaki hewani. Siku ndoo nzito ikidondoka pembeni, kinapasuka. Tena vigae vyenyewe ni porselini, ambayo hufyonza maji kidogo mno, na saruji tupu haiishiki vizuri. Inataka gundi ya vigae, itandazwe sakafu nzima kwa mwiko wenye meno, kigae kikandamizwe huku kikisogezwa kidogo mpaka gundi ijae chini yake.

Sitaki kumdhulumu mtu. Ukuta wake ni mzuri, mzuri kweli. Mistari imenyooka, nafasi ni milimita 3 kila mahali, alisubiri siku nzima kabla ya kujaza grauti katikati ya vigae, na kwenye kona alitumia silikoni badala ya grauti, kwa kuwa ukuta na sakafu huchezacheza na grauti pale hupasuka. Dawa ya kuzuia maji alipaka mikono miwili, akaipandisha ukutani sentimita 20, akaziba tundu na kuacha maji yasimame saa 24 kabla ya kuweka kigae hata kimoja. Hata kichwa cha shawa alikifungua akasafisha kichujio, maana mgao ukiisha bomba hutoa tope kwanza. Mafundi wangapi wanafanya hayo? Kwa hiyo nilikuwa nimeshaamua kumpa nyota tatu na kusema mwiteni, ila msimamieni kwenye sakafu.

Lakini hebu fikiri marekebisho yanavyokwenda. Mteremko haurekebishwi kwa kutoa vigae vitatu vya konani. Sakafu yote inabomolewa. Ukibomoa kwa patasi, ile dawa aliyoipaka vizuri inachanika, kwa hiyo inapakwa upya, inakauka, inajaribiwa tena kwa maji saa 24. Silikoni ya chini nayo inakatwa yote. Kazi yake nzuri inaharibiwa na kazi yake mbaya, na gharama si yake. Ile kauli ya fagio ndiyo inaniuma kuliko hata dimbwi, kwa sababu aliyajua yote haya akiwa amesimama pale koridoni.

Nafuta nyota tatu. Moja, na hiyo ni ya ukuta.

Atakayekuja sasa, nitamtaka achore mstari wa usawa ukutani kuzunguka bafu zima, ashuke nao kwa vipimo hadi kwenye tundu, na kabla gundi haijafunguliwa tumwage ndoo moja ya maji juu ya zege likiwa limekauka. Mlango umeshatolewa, uko kwa seremala.