Kupima afya ya watu: wastani wa wilaya au hesabu ya kila jamii?

Chukua Tower Hamlets, mashariki mwa London. Sensa ya 2021 ilihesabu watu wapatao 310,300, umri wa kati ukiwa miaka 30 tu. Kwa wastani huo utadhani ni wilaya ya vijana wazima. Ni rahisi kuupata, lakini unaficha wagonjwa.

Gawa kwa jamii, picha inabadilika. Asilimia 34.6 ni Wabangladeshi, na watu wenye asili ya Asia Kusini, wakiwemo hao, hupata kisukari cha aina ya pili mapema zaidi, hata wakiwa wembamba. Ndiyo maana kwao tahadhari ya kipimo cha uzito kwa urefu (BMI) huanzia 23, si 25. Mama wa Kibangladeshi wa miaka 40 mwenye BMI ya 24, wastani ungempita kimyakimya! Nachagua hesabu ya jamii, mradi iende pamoja na kipato na makazi, maana chumba chenye unyevunyevu huuguza yeyote.