Tathmini ya huduma: idara ya dharura na kitengo cha neva

Dada yangu alikuwa katika siku ya nane ya mafua makali, homa imeshuka lakini kichwa kinazidi kumuuma, hasa akilala chali au akikohoa, tulipompeleka katika hospitali moja kubwa ambayo ninaitathmini hapa kwa jambo moja tu: uwezo wake wa kugundua damu iliyoganda ndani ya vena za ubongo, yaani mishipa inayoitoa damu kichwani kuirudisha moyoni.

Idara ya dharura naipa nyota mbili. Tulipokelewa upesi na kwa heshima, lakini picha ya CT ya kawaida ilisomwa kuwa haina kasoro, tukarudishwa nyumbani na dawa za maumivu. Picha ya aina hiyo, iliyopigwa bila dawa ya kung'arisha mishipa, inaweza kuonekana safi ilhali vena imeziba. Maambukizi ya virusi huifanya damu igande kwa urahisi zaidi, mgonjwa asipokunywa maji ya kutosha hali huzidi, na tulikuwa tumekwisha kumweleza daktari wa zamu kwamba dada anameza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni. Mambo hayo matatu kwa pamoja yalitosha kumtia mtu shaka.

Tuliporudi baada ya siku mbili, dada akiona ukungu, daktari wa neva alimulika ndani ya macho, akakuta neva zimevimba, na siku hiyohiyo picha ya MRI ya vena ikaonyesha bonge la damu katika mfereji mkubwa unaopita juu ya ubongo kutoka mbele hadi kisogoni. Akaanzishiwa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, ingawa damu kidogo ilikuwa imevujia kwenye ubongo. Nilipinga, tena kwa sauti ya juu kuliko ilivyostahili. Daktari alichukua karatasi akatuchorea: damu imevuja kwa sababu njia ya kutokea imefungwa na shinikizo linarudi nyuma, hivyo kulizuia bonge lisikue ndiko kunakopunguza hatari. Kwa mchoro ule peke yake kitengo cha neva kinastahili nyota tano.

Sasa dada anatumia warfarini, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, na INR, kipimo cha damu kinachoonyesha inachukua muda gani kuganda, inatakiwa kubaki kati ya 2 na 3, na vile vidonge amebadilishiwa. Kliniki ya ufuatiliaji ni nzuri, isipokuwa kipimo cha damu hufanywa siku moja na daktari huonwa siku nyingine, kwa hiyo dozi hurekebishwa kwa majibu yaliyokwisha kuchakaa.