Mita ya kuchomeka kwenye soketi: uzoefu wangu na birika, friji na hesabu za omu

Kama unataka kujua kifaa chako kinakula umeme kiasi gani, hii mita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi naipendekeza bila kusita. Unaichomeka ukutani, kifaa unakichomeka juu yake, na kioo kinakuonyesha volti, ampea, wati na uniti zilizotumika. Niliipata Kariakoo, haikufika elfu 40.

Thamani yake nimeiona kwenye birika. Nyumbani walishaanza kusema limechoka, maana jioni linachelewa kuchemsha. Chini yake pameandikwa 230 V, 2000 W. Gawanya wati kwa volti, unapata ampea 8.7, gawanya volti kwa ampea hizo, ukinzani wa koili, yaani jinsi waya wa kupasha joto unavyozuia mkondo, unakuja omu 26 na kitu. Asubuhi mita ilisoma volti 231, ampea 8.7. Jioni, mtaa mzima ukiwa umewasha, ikasoma volti 204, ampea 7.7. Piga hesabu: asubuhi omu 26.6, jioni 26.5. Omu hazijabadilika, kwa hiyo koili ni nzima kabisa, kilichoshuka ni umeme wa mtaani. Na tazama nguvu inavyopotea: volti zimepungua kama asilimia 12 tu, lakini wati zimetoka 2,010 hadi 1,571, karibu asilimia 22, kwa sababu volti zikishuka mkondo nao unashuka, na nguvu ni zao la hivyo viwili.

Nilichomoa birika, nikabonyeza swichi yake na kupima kwa multimita, kipimo cha fundi kinachosoma omu moja kwa moja, kwenye pini mbili za plagi. Ikasoma omu 26. Waya wa koili ya birika haubadiliki sana ukipata joto, ndiyo maana namba zinakubaliana. Balbu ya zamani ya wati 60 haiko hivyo: ikiwaka ina omu kama 880, ikiwa baridi hazifiki 100.

Kwenye friji ndipo wengi wanapopotea. Mita ilionyesha volti 220 na ampea 0.8, ukizidisha unapata 176, lakini wati zilizoandikwa ni 105. Si kosa la mita. Mota ya friji huvuta mkondo usioenda sambamba na volti, kwa hiyo sehemu yake haifanyi kazi yoyote. LUKU ya nyumbani, mita ya umeme wa kulipia kabla, inahesabu wati, basi soma wati na usizidishe kwa kichwa.

Kuna wanaosema klempu mita, ile ya kubana waya kwa nje ili kusoma mkondo, inatosha. Ukiibana kwenye waya wote wa kifaa inasoma sifuri, maana mkondo unaokwenda na unaorudi unafutana. Lazima utenganishe waya mmoja, na hilo si la kufanya na waya wa pasi nyumbani.

Kasoro zipo. Kioo hakina taa, kwenye soketi ya nyuma ya friji husomi kitu bila tochi. Chaja ya simu iliyoachwa bila simu inaonyesha wati 0, kwa hiyo kwa vitu vidogo usiitegemee. Na mwisho wa mita hii ni ampea 13. Hita ya kuogea ya wati 5,500 inavuta karibu ampea 24, hiyo ipigie hesabu kwenye karatasi na umwachie fundi.