Hilux ya 1994, injini 3L: kwa nini niliijenga upya badala ya kununua ya mtumba

Kwa wenye haraka: gari ni Toyota Hilux LN106, dizeli, injini ya 3L yenye cc 2,779. Ilibidi nichague kati ya kuijenga upya injini iliyokuja na gari na kutafuta nyingine ya mtumba Kampala. Nimeijenga upya, imebeba mizigo ya Koboko na Vurra, huku kwetu upande wa Arua, msimu mzima bila kunilaza njiani, na ningerudia uamuzi huohuo. Karakana iliyonichongea bloku, ule mwili wa injini wenye silinda, naipa nyota 4 kati ya 5. Wauza injini niliowatembelea nawapa 2. Maelezo ni marefu, maana nilipokuwa nauliza mimi, kila mtu alinijibu kwa neno moja tu: "Nunua."

Wapo waliosema niuze gari lote. Hao sijui wanaishi Uganda ipi. Tangu sheria ya usalama barabarani irekebishwe mwaka 2018, gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe haliingizwi tena nchini, kwa hiyo LN106 nyingine ya kutoka Japani haipo. Zilizopo ni hizi tulizonazo, na mwenye nzima haiuzi. Pikapu mpya ya siku hizi ina vihisio na kompyuta ambavyo hapa Arua vikigoma, unaita fundi kutoka Kampala na kumlipia nauli na hoteli. Chasisi yangu haijaoza, giaboksi iko sawa. Tatizo lilikuwa injini tu.

Dalili zilikuwa zile za kawaida. Asubuhi haiwaki mpaka uzipashe plagi mara mbilimbili, na ikiwaka inamwaga moshi wa bluu hadi jirani yangu hajati anafunga madirisha. Oili inapungua kila safari. Ukifungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inanguruma, inapumua kwa nguvu, mvuke unakupiga mkononi.

Mafundi wengi wa kwetu hupima injini kwa sikio na kwa moshi. Wa kwanza alisikiliza kidogo, akasema imekwisha. Wa pili, mtu asiyependa maneno mengi, alinambia: "Mzee, usinunue kitu wala usifungue kitu kabla hatujapima." Huyo ndiye niliyebaki naye. Moshi wa bluu peke yake hautoshi kukuambia lolote, kwa sababu unaweza kuwa ni sili za valvu zimekauka, kazi inayoishia juu kwenye hedi, kile kichwa cha injini chenye valvu, bila kushusha injini. Alichomoa plagi za kupasha, akafunga geji kwenye tundu moja baada ya jingine na kupiga stata. Kwa 3L, kompresheni nzuri, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, ni kilo 32 kwa sentimita ya mraba, yaani psi 455. Ikishuka chini ya 20, psi 284, silinda hiyo imechoka. Na silinda zisipishane kwa zaidi ya kilo 5. Mbili za mbele zilikuwa zinapumulia puani lakini zimo. Ya tatu na ya nne zilikuwa chini ya mstari. Hapo sili za valvu zikatoka kwenye hesabu, maana zikikauka hupitisha oili, hazishushi kompresheni.

Bado hilo halikujibu swali la kununua au kujenga. Kompresheni inakwambia injini ni mgonjwa, haikwambii kama bloku inapona. Kwa hiyo hedi ilifunguliwa. Ndani ya silinda ya nne, juu kabisa pale ringi ya kwanza ya pistoni inapogeukia, palikuwa na ukingo. Ukipitisha kucha inakwama. Chini ya ukingo huo ukuta ulikuwa unang'aa kama kioo, ile mistari ya msalaba ya kushikilia oili imefutika yote. Lakini hakuna ufa, hakuna kutu iliyokula njia za maji. Kipenyo cha 3L kutoka kiwandani ni milimita 96, na uchakavu wangu ulikuwa bado unaingia kwenye saizi ya kwanza ya pistoni kubwa, ile ya kuongeza milimita 0.50. Kranki, shafti inayozungushwa na pistoni, nayo ilikuwa haijawahi kuchongwa, saizi ya kiwanda. Kwangu mimi uamuzi ulikuwa umeshajifanya pale mezani, ila nilikuwa nimeshaahidi kwenda Kampala kuangalia za mtumba, nikaenda.

Sitataja maduka. Injini ya kwanza niliyoonyeshwa ilikuwa imepigwa rangi ya fedha mpya kabisa, hadi juu ya vichwa vya bolti. Nilipokwangua kidogo, chini ya rangi bolti za hedi zilikuwa na makovu ya spana. Sampo, bakuli la oili chini ya injini, ilikuwa inatokeza silikoni nyekundu pembeni, na Toyota hawafungi sampo kwa silikoni nyekundu. Ni injini iliyofunguliwa na mtu, mahali fulani, ikinadiwa kwangu kwa jina la "moja kwa moja kutoka Japani". Nikaomba wapime kompresheni. Muuzaji akacheka: "Hajji, si inawaka?" Kweli, waliiwasha pale chini sakafuni, betri na kidumu cha dizeli, ikawaka vizuri. Lakini injini iliyokwisha kupashwa moto kabla hujafika lazima iwake vizuri. Na waranti ilikuwa ya kuwaka tu: ikiwaka kwenye gari lako, mkataba umeisha.

Wa pili alikuwa muungwana zaidi. Alikuwa na 3L ambayo kwa macho haikuguswa, na alikubali ipimwe iwapo ningelipa robo ya bei kwanza. Huyo sina ubaya naye, ila bei yake bila alteneta wala stata ilipita gharama yote ya kujenga yangu. Wa tatu alitaka kunigeuza kabisa: niweke 1KZ-TE, cc 2,982, yenye tabo na pampu inayoongozwa na umeme. Ni injini ya nguvu, sibishi. Lakini ukishaiingiza kwenye LN106 unabadilisha waya na unabeba kompyuta, nami nimetoka kueleza kwa nini sitaki kompyuta.

Kitu kingine ambacho wanunuzi hawakihesabu: injini ya mtumba nayo inadai. Mkanda wa taimingi wa 3L hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kwa kuwa hujui ule uliopo umetembea kiasi gani, unaweka mpya, maana ukikatika valvu zinagonga pistoni. Pampu ya maji nayo, sili ya nyuma ya kranki nayo. Na namba ya injini imo kwenye kadi ya gari, hivyo ukibadilisha injini una safari ya ofisini kurekebisha usajili, la sivyo siku ya kuuza gari utaulizwa injini hii umeitoa wapi. Kwa injini yangu mwenyewe hayo yote hayakuwepo. Bei kwa shilingi siziandiki, hupanda na dola kila uchao, ila uchongaji, spea na ufundi kwa pamoja vilifika kama theluthi mbili ya bei ya injini kamili ya mtumba kabla hujainunulia mkanda.

Bloku, hedi na kranki zilishuka Kampala ndani ya buti ya basi la usiku, zimefungwa magunia. Karakana iko upande wa Katwe, na kazi yao ya kuchonga ni safi. Jambo lililonipendeza: hawakugusa silinda hata moja kabla sijawaletea pistoni mkononi. Walipima kila pistoni kwa maikromita, wakaandika namba kwa chaki ubavuni mwa bloku, kisha wakachonga kila silinda kwa kufuata pistoni yake. Karakana nyingine niliyoulizia ilikuwa tayari kuchonga "saizi ya hamsini" nami nikanunue pistoni baadaye popote. Hedi waliijaza presha ya maji kutafuta ufa, haikuvuja, wakaisawazisha na kusaga vikalio vya valvu. Kranki walisema isichongwe, ing'arishwe tu. Wangeweza kunichonga na kunilipisha. Nikawaheshimu kwa hilo.

Spea nilinunua Kisekka, soko la spea la hukohuko Kampala: ringi za NPR, beringi za Taiho, na seti ya gasketi. Hapa ndipo uwe na macho, maana boksi bandia zimejaa mjini. Fundi wangu alikuwa ameniagiza nizifungue ringi palepale dukani na kuangalia kama zina alama iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Mwenye duka alinuna kidogo, akafungua.

Kurudi Arua, sehemu niliyoipenda kuliko zote ni gasketi ya hedi. Ya 3L huja kwa unene wa aina tatu, zenye alama B, D na F, B ikiwa nyembamba. Uso wa bloku ukishasagwa, pistoni ikifika juu inachomoza zaidi kuliko zamani, na ukiweka gasketi nyembamba hapo unabana mno. Fundi alisimamisha daili geji, kipimo cha mshale, juu ya bloku, akazungusha kranki kwa mkono polepole, akasoma kila pistoni inachomoza kiasi gani. Akasema F. Seti niliyonunua ilikuwa na D. Ikabidi F itafutwe na kuletwa na basi, na kazi ikasimama kuisubiri. Vijana wa gereji wakanilaumu kwa macho, maana wao wangeifunga ile ile. Bolti za hedi alizikaza hadi Nm 78, akaweka tone la rangi nyeupe kwenye kila kichwa, kisha akazungusha robo, na robo tena, hadi matone yote yakaangalia nyuma.

Nozeli na pampu vilikwenda kwa fundi wa pampu, rejeta ikafunguliwa na kusafishwa fito kwa fito. Usijenge injini ukaifungia rejeta iliyoziba, utarudi palepale kabla ringi hazijakaa. Kilomita 1,000 za kwanza nilibeba mzigo mwepesi, sikuiacha inanguruma bure kwa muda mrefu, na oili nilimwaga mapema. Sasa inawaka kwa kuipasha mara moja. Hajati kafungua madirisha.

Ningeshauri kununua wakati gani? Bloku ikiwa na ufa, au silinda zimeshachongwa mpaka saizi ya mwisho na kranki nayo hivyohivyo. Na ikiwa ni gari la biashara lisiloweza kusimama hata kidogo, maana kujenga kunakula muda na mtu wa spea anapokwambia kesho, ujue si kesho. Hapo ningetafuta 3L iliyopimwa mbele yangu, au 5L ya cc 2,986, ambayo ni ya ukoo uleule na inaingia bila kulikatakata gari.

Ile nyota moja nimeitoa kwa usafi. Bloku ilirudi ikiwa imeoshwa kwa nje, inametameta, lakini fundi wangu alipofungua plagi za njia za oili na kupiga hewa, ilitoka chenga nyeusi ya chuma, ukiisugua vidoleni inakwaruza. Ingefungwa hivyo, beringi mpya zisingemaliza wiki. Tuliisafisha wenyewe kwa mafuta ya taa, brashi ndefu na kompresa. Ukipeleka yako, waambie plagi hizo zitolewe kabla ya kuosha, na usiipokee bloku mpaka umeona hewa inatokea upande wa pili ikiwa safi.